Pampu Inayoogopa Mawingu: Njia Tano za Kuzalisha Lahaja za Programu za Vifaa

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, hii pampu yako mbona inaogopa mawingu?"

Ilikuwa Januari. Mvua ilikuwa imekatika katikati ya msimu kama kawaida yake huku kwetu Dodoma, mawingu yanapishana juu bila kudondosha kitu. Mzee ana zabibu upande wa Hombolo na pampu ya sola inayopandisha maji kwenye tangi. Kidhibiti nilimfungia mimi. Kila wingu likikatiza jua, pampu inazima na kioo kinaandika KISIMA KIMEKAUKA. "Na kisima kimejaa," akasema. "Nikiinama najiona uso."

Tatizo nilishalijua kabla hajamaliza kusema, na hapo ndipo paliponiuma. Pampu inapokosa maji, mota inapungukiwa mzigo na mkondo wa umeme unashuka. Kwenye umeme wa gridi hiyo ni dalili nzuri: mkondo ukishuka chini ya kiwango, zima pampu kabla haijaungua. Kwenye sola mkondo unashuka pia wingu likipita. Jambo hilo nilikutana nalo miezi sita nyuma kwa mteja wa Bahi, nikalirekebisha, nikafurahi, nikasahau. Marekebisho yakabaki kwenye folda ya mteja wa Bahi, na mzee wa Hombolo akafungiwa nakala ya folda nyingine.

Wakati huo kompyuta yangu ilikuwa na folda 14. Moja inaitwa `pampu_mwisho`, nyingine `pampu_mwisho2`, nyingine `pampu_mwisho_kweli`. Wanaofanya kazi hii wananielewa.

Programu hizo 14 ni za kifaa kimoja. Nitaziita lahaja, kwa sababu ndivyo zilivyo: Kimvita na Kiunguja ni Kiswahili kile kile, ila ukiyachanganya maneno yao ovyo watu watakucheka. Jambo hili si geni duniani. David Parnas aliandika kuhusu familia za programu mwaka 1976, na mwaka 1990 Kyo Kang na wenzake wa Carnegie Mellon, Marekani, wakaonyesha namna ya kuchora sifa za familia kama mti: ipi ni ya lazima, ipi ya hiari, ipi haikai nyumba moja na ipi. Mimi nataka kidogo tu. Nazilinganisha njia tano ambazo mtu mwenye laptop moja na meza ya kusodea anaweza kuzitumia ili lahaja zijitengeneze badala ya kunakiliwa kwa mkono.

Kabla ya njia, swali. Nimejifunza kuliuliza mapema: tofauti hii inaamuliwa lini, na nani? Naiamua mimi mezani kabla ya kukompaili, yaani kabla msimbo haujageuzwa kuwa programu ya chipu? Anaiamua kijana anayefunga maboksi? Au fundi aliyeko shambani na bisibisi mkononi? Ukishajibu hapo, nusu ya njia zinajiondoa zenyewe.

Familia yenyewe

Kidhibiti changu kina mambo matano yanayobadilika. Umeme: sola, fezi moja au fezi tatu. Taarifa: hakuna, SMS au LoRa, redio ya masafa marefu. Kinga ya kisima kikavu: kwa kupima mkondo wa mota, au kwa vijiti vya chuma vinavyoning'inizwa kisimani kuonja maji yako kina gani. Vali za umwagiliaji wa matone: hakuna, 4 au 8. Lugha ya kioo na ujumbe: Kiswahili au Kiingereza. Zidisha: 3 × 3 × 2 × 3 × 2 ni 108. Ninazouza ni 14.

Bodi ziko mbili. Ya zamani ina chipu ya ATmega328P, yenye KB 32 za flash, inapokaa programu, na KB 2 tu za RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi. Mpya ina ESP32, na moduli ninazonunua zina flash ya MB 4. Hii tofauti ya bodi ishike, kwa sababu inageuza majibu mengi.

| Njia | Uamuzi unafanyika lini | Nani anaamua | Inapouma |
|---|---|---|---|
| Folda kwa kila mteja | Siku ya kunakili | Wewe, kwa kumbukumbu yako | Marekebisho hayasafiri |
| `#if` ndani ya msimbo | Wakati wa kukompaili | Mwandishi wa programu | Msimbo unakuwa kichaka |
| Mipangilio kifaani | Kifaa kikiwa kazini | Fundi au mteja | Flash, RAM na vidole vya watu |
| Kconfig | Kabla ya kukompaili | Yeyote anayeweza kujibu menyu | Kujifunza, na haipo kila mahali |
| Kizalishi chenye jedwali | Kabla ya kukompaili | Anayejaza jedwali | Kizalishi chenyewe kinahitaji matunzo |

Folda kwa kila mteja

Wasomi wanaidharau. Mimi siidharau, ingawa ndiyo iliyonipeleka Hombolo. Haina cha kujifunza, unaanza leo, na ina sifa moja ambayo nyingine hazina: ukiharibu folda ya Bahi, Hombolo hana habari. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma anayetengeneza kifaa kimoja cha mradi wa mwaka wa mwisho hahitaji kingine chochote. Hata wateja wawili wanabebeka.

Wa tatu ndiye anayevunja mgongo. Kuanzia hapo kila rekebisho linatakiwa kurudiwa, na mashine ya kurudia ni kichwa chako. Matawi ya Git, zana ya kutunza matoleo ya msimbo, hayaponyi ugonjwa huu. Ni folda zile zile zimevaa suti. Siku hizi kuna vijana wanaoiambia akili unde, "niandikie toleo la fezi tatu," nayo inaandika kwa dakika moja. Ni kunakili kule kule, kwa mwendo wa treni ya SGR.

`#if` ndani ya msimbo

Hapa msimbo ni mmoja, na vipande vinawashwa au kuzimwa kompaila inapopita. Kwa mtu wa lugha ya C au bodi za Arduino ndiyo hatua ya kwanza ya asili, na ukiwa na PlatformIO, zana ya kukompaili programu za vifaa, ni nafuu mno: kwenye faili la `platformio.ini` kila lahaja inapata sehemu yake yenye alama zake, kisha amri moja, `pio run`, inazikompaili zote. Uzalishaji wa lahaja kwa kujiendesha umeshaanza, na hujanunua kitu.

Ila kuna mtego mmoja ambao karibu kila mtu anaukanyaga. Ukiandika `#ifdef KINGA_MKONDO`, yaani "kama jina hili lipo", halafu kwenye faili la mipangilio kidole kikateleza ukaandika `KINGA_MKODO`, kompaila haitasema neno. Programu itakompailika vizuri kabisa, itapakiwa, itawasha pampu, na kinga haimo. Utaijua siku mota itakapoungua. Dawa ni kuacha `#ifdef`. Kila alama ipewe thamani, 1 au 0, kisha utumie `#if` na uwashe onyo la `-Wundef`, ili jina lisilojulikana lipigiwe kelele.

Bora zaidi, pale inapowezekana tumia `if` ya kawaida ya C:

```c
if (KINGA_MKONDO && mkondo < kiwango)
    zima_pampu();
```

`KINGA_MKONDO` ikiwa 0, kompaila inakitupa kipande hicho na flash haiongezeki. Lakini kabla ya kukitupa inakisoma, kwa hiyo kosa la uandishi kwenye lahaja usiyoikompaili leo linaonekana leo. Waandishi wa Linux wanafanya hivyo hivyo kwa `IS_ENABLED`.

Na sheria za nani hakai na nani? Zinaandikika pia:

```c
#if SOLA && KINGA_MKONDO
#error "Sola haiendi na kinga ya mkondo: wingu litazima pampu"
#endif
```

Mistari mitatu. Ingekuwapo kwenye msimbo mmoja unaotumika kwa wateja wote, nisingechoma mafuta ya pikipiki.

Njia hii inaanza kuchosha alama zikifika kama 20, hasa zikianza kuingiliana: `#if` ndani ya `#if` ndani ya `#if`, mpaka husomi tena programu, unasoma masharti ya mkopo. Ukiona unahesabu `#endif` kwa kidole kwenye kioo, hama.

Mipangilio kifaani

Njia hii inageuza swali. Hakuna lahaja kabla ya kukompaili. Kuna programu moja yenye kila kitu, na mipangilio imehifadhiwa kwenye flash au EEPROM, kumbukumbu ndogo isiyofutika umeme ukikatika. Fundi anafika shambani, anabonyeza vitufe au anatuma SMS, anachagua: sola, vijiti, vali 4.

Kwa biashara ndogo hii inavutia kuliko zote, na sababu ni stoo. Boksi ni la aina moja. Fundi wa Kondoa akikosea kuchukua, hajakosea. Mteja akihama kutoka sola kwenda gridi, simu moja inatosha. Na ukirekebisha kosa, unarekebisha programu moja.

Sasa hesabu. Kwenye ATmega328P, maneno ya kawaida ya C yananakiliwa kwenye RAM kifaa kinapowaka, usipoyaweka makusudi kwenye flash kwa `PROGMEM`. Chukua ujumbe 30 wa herufi 50 kila mmoja: baiti 1,500, na RAM yote ni baiti 2,048. Weka lugha mbili na umefika 3,000, kabla hujahesabu kigeugeu (variable) hata kimoja. Kwa hiyo kwenye bodi ile ya zamani lugha peke yake ilinilazimisha ama kuhamishia maneno yote kwenye flash ama kutenganisha lahaja mbili. Kwenye ESP32 sikuwahi kuliwaza jambo hilo.

EEPROM nayo ina tabia zake. Kwenye chipu hiyo imeandikiwa kustahimili kuandikwa mara 100,000. Inaonekana nyingi mpaka mtu aandike kitu kila sekunde, na siku moja tu ina sekunde 86,400. Tena umeme ukishuka taratibu wakati wa kuandika, data inaweza kuharibika. Kwa anayefunga vifaa vya sola hilo ni jambo la kila jioni jua likizama. Washa ulinzi wa chipu dhidi ya volti ndogo, weka hesabu ya uhakiki kwenye mipangilio, na kifaa kikikuta mipangilio mibovu kirudi kwenye hali salama: pampu imezimwa.

Hatari kubwa ya njia hii ni vidole. Unapompa fundi uwezo wa kuchagua, unampa pia uwezo wa kuchagua SOLA pamoja na KINGA YA MKONDO. Sheria za familia hazijatoweka. Zimehama kutoka mezani kwako hadi kwenye menyu ya kifaa, na ni lazima uziandike huko, kwa nafasi ndogo zaidi.

Kuna na hili la kubeba mizigo isiyohitajika. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliharibika angani sekunde kama 40 baada ya kuruka. Sehemu ya programu ya vifaa vyake vya mwelekeo ilirithiwa kutoka Ariane 4, pamoja na kazi moja ambayo kwenye Ariane 5 haikuwa na maana tena baada ya kuruka, lakini iliachwa iendelee. Ndani ya kazi hiyo namba ya biti 64 ilipelekwa kwenye nafasi ya biti 16, ikafurika. Pampu ya zabibu si roketi, najua. Lakini kila ninapoacha msimbo wa fezi tatu ndani ya kifaa cha sola kwa kuwa "haudhuru," nakumbuka hiyo roketi.

Kconfig

Kconfig ni lugha ya kuandika menyu ya vipengele vya programu, pamoja na sheria zake. Ukishawahi kuandika `idf.py menuconfig` kwa ajili ya ESP32, umeshaiona. Ilianzia kwenye kernel ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo endeshi, iliyoipokea mwaka 2002, ambako leo inatawala vipengele zaidi ya 10,000. Zephyr, mfumo endeshi wa vifaa vidogo, inaitumia pia. Ninayoipenda ni kwamba sheria za familia zina mahali pake maalumu, nje ya msimbo:

```
choice
    prompt "Kinga ya kisima kikavu"

config KINGA_MKONDO
    bool "Kwa kupima mkondo wa mota"
    depends on !SOLA

config KINGA_VIJITI
    bool "Kwa vijiti vya kina cha maji"

endchoice
```

Ukiwasha SOLA, chaguo la mkondo linatoweka kwenye menyu. Huna haja ya kukumbuka, wala kumfundisha kijana wako habari za mawingu. Anajibu maswali kwa Kiswahili, menyu inamficha lisilowezekana, na mwishoni linatoka faili dogo. ESP-IDF, zana rasmi za kuandikia programu za ESP32, ina amri ya `save-defconfig` inayobakiza tu yale uliyoyabadilisha, kwa hiyo lahaja nzima inakuwa faili la mistari minane au tisa. Folda zangu 14 ziligeuka mafaili 14 ya aina hiyo, na msimbo ukabaki mmoja. Nikiulizwa tofauti ya Bahi na Hombolo ni nini, naweka mafaili mawili kwenye kioo na jibu linaonekana bila kufungua msimbo.

Mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni neno `select`. Linalazimisha kipengele kiwake bila kuangalia masharti ya kipengele hicho. Ukiandika kwamba SMS ina-`select` modemu, na modemu yenyewe inategemea bodi fulani, modemu itawashwa hata bodi hiyo isipokuwapo. Tumia `depends on` mpaka uwe na sababu nzito ya kufanya vingine. La pili, faili la lahaja likiomba jambo ambalo sheria zinakataza, zana hazifanani katika kujibu: Zephyr hulalamika na kugoma, lakini kwenye kernel ya Linux ombi hilo linaweza kuachwa kimya kimya. Hakiki faili la mwisho lililotoka, usiamini lile uliloingiza.

Zephyr ina nyongeza ya devicetree, yaani maelezo ya vifaa yamekaa peke yake: rilei iko pini gani, modemu iko mlango gani. Kconfig inasema programu ifanye nini, devicetree inasema nyaya zimepita wapi. Ni mgawanyo safi, ingawa siku za mwanzo utaikasirikia. Kwa anayeuza kifaa kile kile kwenye bodi za watengenezaji tofauti, hasira hiyo inalipa.

Bodi ya ATmega328P kwa Arduino haina Kconfig ya kuzaliwa nayo. Kuna maktaba ya Python, Kconfiglib, inayoweza kusoma mafaili hayo na kukutolea mafaili ya vichwa (`.h`) ya C. Nimefanya hivyo, na inafanya kazi. Kwa bodi moja ya zamani inayoelekea kustaafu, sina hakika ilistahili wikiendi yangu.

Kizalishi chenye jedwali

Sisemi jenereta, hapa mjini ukisema jenereta mtu anatafuta dizeli. Kizalishi ni programu inayoandika programu. Kwangu ni hati ya Python, jedwali lenye safu moja kwa kila lahaja, na violezo vya Jinja vyenye mapengo ya kujazwa.

Ukiniuliza kinaizidi Kconfig kwa nini, sitakutajia msimbo kwanza. Nitakutajia karatasi. Safu ile ile ya jedwali inatoa faili la `lahaja.h`, inatoa stika ya kubandika kwenye kifuniko, inatoa orodha ya vipuri vya kuweka kwenye boksi, na inatoa ukurasa wa fundi unaosema waya mwekundu uende wapi. Zamani stika ilisema vali 4 na programu ikajua 8, kwa sababu stika iliandikwa kwa mkono na mtu aliyekuwa na njaa. Sasa vyote vinatoka kisima kimoja.

Faida ya pili ni kwamba kizalishi kinaweza kukagua mambo ambayo kompaila haiyajui. Mfano wangu ni wa nukta moja. Nina ujumbe usemao *Tangi la ng'ombe limejaa*. SMS ya kawaida ina alfabeti yake fupi na inachukua herufi 160. Herufi zote za Kiswahili zimo, pamoja na ile alama iliyonyooka ya ng'. Lakini nilipoandika ujumbe huo kwenye programu ya kuandikia barua, ikaipinda alama ile iwe ya mapambo. Alama iliyopinda haimo kwenye alfabeti hiyo. Ukitaka iende hivyo hivyo, SMS nzima inabidi itumie mfumo mwingine wa herufi, na nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70. Kompaila haioni kosa lolote hapo, kwake ni maneno tu. Hati yangu ya Python sasa inapitia kila ujumbe wa kila lugha, na ikikuta herufi ngeni au urefu uliozidi, inagoma kuzalisha na kunitajia mstari.

Gharama yake? Kizalishi ni programu nyingine ya kulea, na ni wewe pekee unayeijua. Kosa la kompaila linaelekeza kwenye faili lililozalishwa wakati kosa lenyewe limo kwenye kiolezo. Agizo la `#line` la C linasaidia kurudisha nyayo, kama utakumbuka kulitoa. Na lazima kila faili lililozalishwa lianze na onyo USIHARIRI HAPA. Kijana wangu alilihariri hata hivyo, likafutwa usiku huo huo, na sasa anasoma maonyo.

Kuna ndugu wakubwa wa njia hii. Embedded Coder inatoa msimbo wa C kutoka kwenye michoro ya Simulink, na viwanda vya magari vimekuwa na AUTOSAR, viwango vyao vya pamoja vya programu, tangu 2003, ambako sehemu kubwa ya programu ya kila kompyuta ndogo ya gari inazalishwa kutoka kwenye mafaili ya mipangilio. Ni zana za watu wenye idara nzima. FeatureIDE ni ya bure na inakuruhusu kuchora ule mti wa sifa na kuuliza kama kuna tawi lililokufa, yaani sifa ambayo sheria zako haziruhusu ichaguliwe kamwe. Ifungue hata kama hutaitumia kazini, inafundisha kufikiri.

Kupima, ambako njia zote zinakutana

Hakuna njia kati ya hizi inayokupunguzia kazi ya kupima. Kuzalisha kwa urahisi kunaongeza vya kupimwa. Swichi 10 za ndiyo na hapana, zisizo na masharti, ni lahaja 1,024.

Habari njema ni kwamba makosa mengi ya lahaja yanatokana na vitu viwili visivyopatana, kama sola na kinga ya mkondo. Ukitaka kila jozi ya swichi ionekane katika hali zake zote nne walau mara moja, kwa swichi 10 majaribio 6 yanatosha kama umeyapanga vizuri. Sheria za familia zinaweza kuongeza machache, na makosa ya vitu vitatu kwa pamoja yatakupita, lakini tofauti ya 6 na 1,024 ndiyo tofauti ya kupima na kutopima.

Mimi hukompaili lahaja zote 14 kila ninapobadilisha chochote, hata koma. Kisha huzipima kwenye bodi halisi zile chache zilizochaguliwa kwa jozi. Wingu nalitengeneza kwa kadibodi juu ya paneli, nje ya mlango. Majirani wameshazoea.

Jambo moja lisikupite, njia yoyote utakayochagua: programu ijitaje. Kifaa kikiwaka kiandike jina la lahaja na alama ya toleo la msimbo, na stika ya nje iseme hivyo hivyo. Kama unasasisha kwa mtandao, bodi ikatae lahaja isiyo yake. Resista mbili kwenye pini moja ya kupima volti, zenye uwiano tofauti kwa kila aina ya bodi, zinatosha kuitambulisha. Ni za senti chache, na zinazuia programu ya fezi tatu kuingia kwenye kidhibiti cha sola kilichoko Mpwapwa.

Uchague ipi

Una lahaja moja au mbili na kazi inaisha mwezi ujao: folda, na uweke tarehe kwenye jina lake, si neno "mwisho".

Una chipu ndogo kama ATmega328P, lahaja chini ya 10, na uko peke yako: `#if` na `if` za kawaida ndani ya PlatformIO, pamoja na `#error` kwa kila sheria uliyojifunza kwa machozi. Usiende mbali zaidi. Hapo ndipo wengi wetu tulipo, na ningekuwa naanza upya leo ningeanzia hapo.

Uko kwenye ESP32 au Zephyr: tumia Kconfig, imeshakuwapo, kuiacha ni kubeba maji kwa ndoo huku bomba liko mlangoni. Ila tenganisha tofauti za aina mbili. Zile ambazo fundi anazijua akiwa shambani tu, kama kiwango cha mkondo, saa za kumwagilia au namba ya simu ya mteja, ziwe mipangilio kifaani. Zile zinazoweza kuunguza mota ziamuliwe mezani na zisibadilike huko nje. Nimeona watu wakichagua upande mmoja kwa vyote viwili, na wote wamelia kwa zamu.

Kizalishi kiongeze pale karatasi zinapoanza kupishana na programu, au wasiojua C wanapotakiwa kuagiza lahaja mpya. Mimi nilikifikia kwenye lahaja ya kumi hivi, na kinakaa juu ya Kconfig, hakikuiondoa: jedwali linaandika yale mafaili madogo ya mistari minane, Kconfig inayahakiki.

Hombolo nilirudi na vijiti viwili vya chuma na programu mpya. Mzee alishika kifaa, akasoma stika: SOLA-SMS-VIJITI-4-SW. Akaniuliza SW ni nini.

"Kiswahili, mzee. Ndiyo lugha kinayokuandikia."

Akatikisa kichwa, akaangalia wingu lililokuwa linapita, pampu ikaendelea kunguruma polepole bila kuzima. "Sasa mwanangu, hakiwezi kunisalimia *mbukwenyi* asubuhi?"

Lugha tatu badala ya mbili. 108 ikawa 162. Usiku huo nikaongeza safu moja kwenye jedwali na kumwomba mama mkwe anitafsirie KISIMA KIMEKAUKA kwa Kigogo, kwa herufi zisizozidi 16, maana ndiyo upana wa kioo.